Je, Wajua? Hotidogi ya Pilipili Jikoni Kibirizi

Hotidogi ya pilipili ni soseji iliyolazwa ndani ya mkate mrefu laini, ikamwagiwa juu rosti nzito ya nyama ya kusaga, nyanya, vitunguu na pilipili. Marekani ni chakula cha kawaida kabisa. Kibirizi, kilomita chache kaskazini mwa katikati ya mji wa Kigoma, ukimtajia mtu chakula hicho anaweza kudhani ni cha hoteli za watalii wanaosubiri boti ya Gombe. Lakini ukiingia gengeni asubuhi na kikapu chako unarudi na karibu vyote: pilipili, nyanya, vitunguu, maharage, mawese na chumvi. Kilichobaki ni kujua kila kimoja kina kazi gani ndani ya sufuria, na kilipita njia gani hadi kufika mwaloni kwetu.

1. Je, wajua kuwa hotidogi ina umri sawa na safari za wageni wa Ujiji?

Mpelelezi David Livingstone aliingia Ujiji kwa mara ya kwanza Machi 1869. Miaka hiyohiyo, mwoka mikate Mjerumani aliyeitwa Charles Feltman alikuwa ameanza kuuza soseji za moto ndani ya mkate kwenye ufukwe wa Coney Island, jirani na New York. Novemba 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alimkuta Livingstone Ujiji, na aliyemgharamia safari ni gazeti la New York Herald. Kwa hiyo msomaji wa gazeti hilo angeweza kukaa ufukweni Coney Island, soseji mkono mmoja na gazeti mkono wa pili, akasoma habari za mji uliopo mwendo mfupi tu kusini mwa Kibirizi.

Mwaka 1916 mhamiaji kutoka Poland, Nathan Handwerker, alifungua kibanda chake hapohapo Coney Island na kuuza hotidogi kwa senti 5, wakati kwa Feltman ilikuwa senti 10. Kibanda kikawa kampuni kubwa. Kila tarehe 4 Julai huandaa mashindano ya kula, na mwaka 2021 Joey Chestnut alimaliza hotidogi 76 kwa dakika 10.

2. Je, wajua kuwa ile yenye pilipili haikutoka Coney Island, ingawa inaitwa hivyo?

Katika jimbo la Michigan, ukiagiza "Coney" unaletewa hotidogi yenye rosti ya nyama, haradali na vitunguu vibichi vilivyokatwa vidogovidogo. Walioifanya iwe maarufu ni wahamiaji Wagiriki na Wamakedonia waliofungua migahawa Detroit na miji ya jirani katika miaka ya 1910. Wengi wao waliingia Marekani kupitia New York, jina la ufukwe maarufu wakalichukua, mchuzi wakautunga kwa viungo walivyovizoea kwao. Mpaka leo katikati ya Detroit migahawa miwili, American na Lafayette, imepakana ukuta kwa ukuta, na wenyeji wanabishana upi ni bora zaidi.

3. Je, wajua kuwa mfalme aliyekuwa kwenye sarafu za Tanganyika aliwahi kulishwa hotidogi?

Tarehe 11 Juni 1939 Rais Franklin Roosevelt alimwandalia Mfalme George wa Sita wa Uingereza chakula cha nje nyumbani kwake Hyde Park, jimbo la New York. Kati ya vilivyotengwa mezani kulikuwa na hotidogi. Magazeti ya Marekani yaliandika sana kuhusu jambo hilo, maana hapo kabla wapo waliolalamika kuwa ni aibu kumpa mfalme chakula cha mitaani. Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya Uingereza, na jina la mfalme huyohuyo lilikuwa limepigwa chapa kwenye shilingi zilizotumika Kigoma.

4. Je, wajua kuwa Kigoma iliwahi kutengeneza sandwichi za nyama ya kopo kwa maelfu?

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na siku chache baadaye machafuko yakaanza. Wabelgiji wengi walivuka ziwa wakaingia Kigoma bila kitu mkononi. Jane Goodall na mama yake, Vanne, walikuwa wamekwama mjini wakisubiri kwenda Gombe. Walijiunga na wenyeji waliokuwa wakiwalisha wakimbizi hao, na kazi waliyopewa ilikuwa kupaka mikate na kuweka ndani yake Spam, nyama ya kopo ya Kimarekani iliyoingia sokoni mwaka 1937. Inakumbukwa kuwa walitengeneza takriban sandwichi 2,000. Tarehe 14 Julai mwaka huohuo Jane akashuka Gombe, akaanza utafiti wa sokwe uliomfanya ajulikane duniani kote. Hivyo mkate wenye nyama ya kiwandani ndani yake si mgeni Kigoma.

5. Je, wajua kuwa soseji haishikamani kwa unga wala kwa yai, bali kwa chumvi?

Wengi wanaojaribu soseji za nyumbani hulalamika kuwa zinameguka kikaangoni. Dawa yake ni chumvi na mkono. Ndani ya nyama mna protini iitwayo miosini. Chumvi ikitosha huiyeyusha kidogo, ikatoka kwenye nyuzi za nyama na kuwa gundi inayoshika mafuta na maji mahali pamoja. Ikipata moto inaganda, na soseji inabaki nzima.

Jaribu uone. Weka nusu kilo ya nyama ya kusaga kwenye bakuli, tia chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, kanda kwa mkono. Mwanzoni nyama inaachia, punje kwa punje. Endelea. Baada ya dakika chache rangi inapauka kidogo, nyama inaanza kuvuta vidole na kuacha utando mweupe pembeni mwa bakuli. Chukua donge, libandike kiganjani, kisha geuza kiganja kitazame chini. Likidondoka, bado. Likining'inia, soseji yako haitameguka.

Mkoa wa Kigoma una historia ndefu ya chumvi. Chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza, kando ya mto Malagarasi na reli ya kati, zimetumika kwa zaidi ya miaka 1,500. Wanaakiolojia waliochimba huko katika miaka ya 1960 walikuta mabaki ya mahali pa kuchemshia chumvi ya takriban karne ya 5 na ya 6. Karne ya 19 chumvi hiyo ilikuwa bidhaa kubwa ya biashara, ikibebwa vichwani hadi Ujiji na kuvushwa ziwa kwenda upande wa Kongo.

6. Je, wajua kuwa viwanda vya soseji huweka barafu ndani ya nyama?

Mafuta ya nyama yakipata joto wakati wa kusagwa yanayeyuka na kujitenga. Soseji ya namna hiyo ikipikwa inavuja mafuta yote, unabaki na kitu kikavu chenye ganda lililokunjamana. Kwa sababu hiyo viwanda huchanganya nyama na barafu ili mchanganyiko usivuke nyuzi joto 12 hadi 15 hivi. Kigoma joto la mchana linapita hapo kwa mbali, kwa hiyo kazi hii ifanye asubuhi na mapema, ukiwa na maji ya barafu karibu. Nusu kilo ya nyama inatosheka na robo kikombe.

Rangi ya waridi ya soseji za dukani nayo haitoki kwenye nyama peke yake. Inaletwa na chumvi maalumu iitwayo naitraiti, ambayo pia huzuia vijidudu hatari. Soseji ya nyumbani isiyo na kitu hicho inakuwa ya kahawia ikiiva. Haijaharibika, hiyo ndiyo rangi ya nyama iliyoiva.

7. Je, wajua kuwa soseji ya ng'ombe ilisambaa New York kwa sababu za kidini?

Soseji nyingi za Ujerumani, Frankfurt ikiwemo, zilikuwa za nguruwe. Wayahudi waliohamia New York hawakuweza kuzila, wakatengeneza za ng'ombe zenye kitunguu saumu na paprika. Kampuni ya Hebrew National ilianza kazi hiyo mwaka 1905. Hata wasio Wayahudi walizipenda, na leo soseji za ng'ombe tupu ni za kawaida Marekani. Kwa nyumba nyingi za Ujiji na Kibirizi, ambako Uislamu una mizizi tangu enzi za misafara, suala ni hilohilo na jibu ni hilohilo: ng'ombe au kuku, aliyechinjwa kwa taratibu za dini. Soma pakiti vizuri kabla ya kununua, maana soseji ikishasagwa macho hayawezi kukwambia ni nyama gani.

8. Je, wajua kuwa pilipili imefika Afrika miaka isiyozidi 530 hivi iliyopita?

Ukiacha pilipili manga, pilipili zote, ndefu kwa fupi, asili yake ni bara la Amerika. Christopher Columbus alizikuta Karibea baada ya 1492, na mabaharia wa Kireno wakazisambaza pwani za Afrika na Asia. Zilipenya bara kwa kasi, na sababu moja ni ndege. Kiini cha ukali wa pilipili kinaitwa kapsaisini, na ndege hawakisikii kabisa. Wanakula tunda, wanaruka, wanaangusha mbegu nzima kwingine pamoja na mbolea yake. Mamalia wengi huzitafuna mbegu na kuziua, kwa hiyo ukali ni namna ya mmea kuwafukuza wasiofaa. Pilipili kichaa inayoota yenyewe kando ya uzio bila mtu kuipanda, mara nyingi imepandwa na ndege.

Tembo naye ni mamalia, na pua yake ni kali mno. Wakulima katika sehemu kadhaa za Tanzania hufunga kamba kuzunguka shamba, wakaning'iniza vitambaa vilivyochovywa kwenye oili chafu iliyochanganywa na pilipili ya unga. Tembo akinusa, mara nyingi anageuza njia.

9. Je, wajua kuwa ukali wa pilipili hauko kwenye mbegu?

Watu husema toa mbegu ili kupunguza ukali. Ushauri unafanya kazi, ila sababu ni nyingine. Kapsaisini hutengenezwa kwenye ule utando mweupe unaoshikilia mbegu. Mbegu zinaonekana kali kwa kuwa zimegusana nao. Pasua pilipili, kwangua utando wote kwa ncha ya kisu, na sehemu kubwa ya ukali imeondoka hata kama mbegu mbili tatu zimebaki.

Ukali huo una kipimo. Mwaka 1912 mfamasia wa Kimarekani, Wilbur Scoville, alichukua maji ya pilipili akaendelea kuyapunguza kwa maji ya sukari hadi waonjaji wake wasisikie tena muwasho. Kiwango cha kuyapunguza ndicho alama. Pilipili hoho ina sifuri. Pilipili kichaa iko kati ya 50,000 na 100,000, na pilipili mbuzi inaweza kufika 350,000. Mwaka 2023 pilipili ya Marekani iitwayo Pepper X ilitambuliwa kuwa kali kuliko zote duniani kwa alama zaidi ya milioni 2.6. Kwa sufuria ya watu sita, pilipili kichaa mbili au tatu zinatosha, na anayetaka zaidi aongeze kwenye sahani yake.

10. Je, wajua kuwa mawese yanafanya pilipili isikike kila sehemu ya rosti?

Kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Inayeyuka kwenye mafuta. Pilipili ukiitupa kwenye mchuzi unaochemka, ukali unabaki vipandevipande, tonge moja linachoma na jingine halina kitu. Ukiianzia kwenye mafuta ya moto, ukali unatoka, unaingia kwenye mafuta, na mafuta yanausambaza sufuria nzima. Viungo vingine vya kusaga, kama binzari nyembamba na mdalasini, navyo hutoa harufu zaidi namna hiyo.

Kigoma ndiyo kitovu cha mawese Tanzania. Mchikichi ni mti wa Afrika hasa, asili yake ni magharibi na kati ya bara hili. Rangi nyekundu ya mawese inatokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Yakipashwa kupita kiasi mpaka yatoe moshi mwingi, yanapauka, na pamoja na rangi inakwenda faida. Moto wa wastani ndio unaofaa. Tangu mwaka 2018 serikali imekuwa ikisukuma upya kilimo cha michikichi mkoani, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kinazalisha mbegu za Tenera. Tenera ni mtoto wa Dura, yenye kokwa la ganda nene, na Pisifera, isiyo na ganda. Mtoto akapata ganda jembamba na nyama nyingi, na nyama ya tunda ndiyo inayokamuliwa mawese.

Ukali ukikuzidia, usikimbilie maji wala chai. Kapsaisini huamsha mlango wa neva uleule unaopokea habari za joto kali. David Julius aliugundua kwa kutumia pilipili, na mwaka 2021 alishiriki Tuzo ya Nobel ya tiba na Ardem Patapoutian. Ndiyo maana chai ya moto juu ya pilipili inazidisha moto. Maziwa mgando yanasaidia, kwa sababu protini na mafuta yake hubeba kapsaisini na kuiondoa mdomoni.

11. Je, wajua kuwa maharage kwenye rosti hii yanaweza kuzua ugomvi?

Rosti ya pilipili ya Marekani ilikulia Texas. Katika mji wa San Antonio, mwishoni mwa karne ya 19, kina mama wenye asili ya Mexico waliiuza usiku kwenye viwanja vya mji, na umaarufu wake ukaenea. Mwaka 1977 Texas iliitangaza kuwa chakula rasmi cha jimbo. Watexas wengi wanasema rosti halisi haina maharage hata punje moja. Majimbo mengine wanayaweka bila wasiwasi.

Kigoma, mkoa unaouza maharage yake hadi nje ya nchi, kuyaacha itakuwa kujinyima. Yapike tu ipasavyo. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoitwa lektini, inayoleta kutapika na kuhara. Yaloweke saa zisizopungua tano, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa moto mkali nusu saa ndipo uendelee na moto wa chini mpaka yalainike. Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji Kibirizi huchemka kwenye nyuzi joto 97 hivi badala ya 100. Joto hilo linatosha kuharibu lektini mradi maji yawe yanatokota kweli. Moto hafifu tangu mwanzo ndio wenye hatari.

12. Je, wajua kuwa kuna rosti ya hotidogi inayonukia pilau?

Mwaka 1922 ndugu wawili Wamakedonia, Tom na John Kiradjieff, walianza kuuza rosti ya nyama mjini Cincinnati, Ohio, yenye mdalasini, karafuu na viungo vingine vya nchi za mashariki ya Mediterania. Huko huwekwa juu ya tambi au juu ya hotidogi, ikafunikwa jibini iliyokwanguliwa. Mpishi wa pilau akinusa sufuria hiyo hatahitaji kuelezwa mengi.

Karafuu zilizoingia kwenye vyakula vya dunia katika karne ya 19 zilitoka kwa wingi Unguja na Pemba, kwenye mashamba yaliyolimwa na watumwa. Sehemu ya watu hao walitekwa ng'ambo ya ziwa, wakapitishwa Ujiji na kutembezwa kwa miguu hadi pwani.

13. Je, wajua kuwa rosti inaweza kupikwa kwa dagaa?

Dagaa wa Kigoma ni spishi mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, wote jamaa wa samaki wa baharini waliozoea maji baridi ya ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Limnothrissa wamepandikizwa hata Ziwa Kivu na bwawa la Kariba. Huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzika. Mwaka 2024 Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilisimamisha uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane.

Asubuhi yenye jua, mwalo wa Kibirizi unametameta. Dagaa wametandazwa mchangani na juu ya chanja za nyavu, na kina mama wanapita wakiwageuza kabla upande wa chini haujalowa. Wa chanja hawana mchanga, na bei yao hutofautiana na ya wa chini. Kwa rosti chagua hao wa chanja. Toa vichwa, osha kwa maji ya uvuguvugu, kaanga wakauke, kisha watwange kinuni wawe vipandevipande. Wanashika nafasi ya nyama ya kusaga, na kwa kuwa wana ladha nzito wenyewe, punguza chumvi.

14. Je, wajua kuwa jokofu linaharakisha mkate kukauka?

Mkate unakuwa mgumu kwa sababu wanga wake unajipanga upya, na baridi ya jokofu inaharakisha mpango huo. Weka mkate kabatini ndani ya mfuko uliofungwa. Ukishakuwa mgumu, uweke kwenye ungo juu ya sufuria inayotoa mvuke kwa dakika moja, utalainika. Usingoje, uliwe papo hapo, maana ukipoa unarudia ugumu.

Na mkate ukikosekana, Wakenya wana njia yao. Kwenye matoroli ya Nairobi wanauza smokie pasua: soseji iliyofukizwa moshi, imepasuliwa urefu na kujazwa kachumbari na pilipili, bila mkate. Ukitaka kushiba zaidi inafungwa ndani ya chapati. Usipopata mikate mirefu Kibirizi, chapati ni suluhisho tosha.

15. Namna ya kupika, kwa watu sita

Soseji. Nyama ya kusaga yenye mafuta kidogo, nusu kilo. Chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, kitunguu saumu punje tatu zilizotwangwa, pilipili manga kidogo, maji ya barafu robo kikombe. Kanda mpaka inate. Lowesha mikono, finyanga soseji sita ndefu, ziache mahali pa baridi nusu saa. Kaanga kwa moto wa wastani ukizigeuza mpaka ndani kusibaki wekundu. Ukitumia za dukani, zipashe kwenye maji ya moto yasiyotokota, maana yakitokota zinapasuka, kisha zikaushe kidogo kikaangoni.

Rosti. Mawese vijiko vitatu vya chakula kwenye sufuria. Tia vitunguu viwili vilivyokatwa vidogo, kaanga hadi vianze kuwa vya kahawia. Weka pilipili kichaa mbili zilizokatwa, binzari nyembamba kijiko cha chai, mdalasini nusu kijiko. Koroga nusu dakika tu, hadi harufu ipande puani na kukukohoza. Tia robo kilo ya nyama ya kusaga au dagaa waliotwangwa, kaanga. Nyanya nne zilizokwanguliwa, chumvi, kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva. Funika, acha moto mdogo dakika 30, mpaka mafuta mekundu yapande juu na mwiko uache njia kwenye sufuria. Rosti nyepesi italowesha mkate na kuuvunja.

Pasua mkate, laza soseji, mwaga rosti, malizia na kitunguu kibichi. Tenga leso karibu.

16. Je, wajua tahadhari tatu kabla ya kugawa?

Mosi, soseji za pakiti zisiliwe baridi. Mwaka 2017 na 2018 Afrika Kusini ilipata mlipuko wa listeria ulioambukiza zaidi ya watu 1,000 na kuua zaidi ya 200, na chanzo kilikuwa poloni, nyama ya kiwandani inayoliwa bila kupashwa. Bakteria hao wanaweza kukua hata ndani ya jokofu, ila joto la kutoa mvuke linawaua. Umeme ukikatika muda mrefu, usiziamini zilizokuwa jokofuni.

Pili, mtoto mdogo asipewe soseji iliyokatwa vipande vya duara. Kipande cha duara kina ukubwa wa koo lake, na soseji imo kwenye orodha ya juu ya vyakula vinavyokaba watoto. Ikate urefu mara mbili au nne, kisha uikate vipande vidogo.

Tatu, isiwe chakula cha kila siku. Oktoba 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliweka nyama za kusindikwa kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani. Walikadiria kuwa kula gramu 50 kila siku, karibu soseji moja, huongeza kwa asilimia 18 uwezekano wa saratani ya utumbo mpana. Anayekula mara mojamoja siku ya sherehe hana sababu ya kukosa usingizi. Na kwa siku nyingine, rosti ya dagaa, maharage na mawese inakwenda na ugali wa muhogo bila soseji yoyote, na kwa hapa Kibirizi hiyo ndiyo sahani ya bei nafuu zaidi.